Jino Lisilonuka Karafuu

Watu wa Frere Town walioumwa meno miaka ile ya vita na baada ya vita walimjua Gershom Ngowa kwa harufu kabla hawajamwona. Alinuka karafuu. Shati lake lilinuka karafuu, baiskeli yake ilinuka karafuu, na Jumapili kanisani watu walijua ameketi benchi gani bila kugeuza shingo. Mkewe, Selpher, alizoea kuwaambia majirani kwamba yeye ameolewa na pilau. Gershom hakuudhika. Harufu ile ilikuwa kazi yake, na nje ya kazi hiyo hakuwa na sifa nyingine ya kujivunia.

Alizaliwa pale pale Frere Town, mjukuu wa mtoto aliyekombolewa kutoka mikononi mwa wauza watu akalelewa na misheni. Alisoma mpaka darasa la nne, kisha akafundishwa useremala. Na hapa tusimpambe bure: meza zake zilichechemea, viti vyake vililia ukivikalia. Lakini ufa aliouziba Gershom uliziba. Alichanganya vumbi la mbao na gundi kwa uvumilivu, akalisukuma ndani ya ufa kidogo kidogo, akalilainisha kwa kidole, na ukitazama hujui palipokuwa na ufa. Mwaka wa thelathini na nne, daktari wa meno Mgoa, jina lake Noronha, alipelekewa kabati iliyokuwa imepasuka ubavuni, akautafuta ule ufa kwa miwani na bila miwani asiuone. Akauliza ni nani aliyeuziba. Wiki iliyofuata Gershom alikuwa Changamwe, amevaa koti jeupe lililompwaya, anajifunza kuziba meno ya watu.

Kliniki yenyewe ilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la nguo, karibu na stesheni ya reli. Daktari Noronha aliishi kisiwani na alifika Changamwe Jumanne na Ijumaa tu. Maumivu ya jino hayangoji Jumanne wala Ijumaa, kwa hiyo siku zilizobaki alikuwapo Gershom. Hakutoboa wala hakung'oa. Kazi yake ilikuwa kumtuliza mgonjwa mpaka siku ya daktari. Alimwaga poda nyeupe ya zinki juu ya kipande cha kioo, akadondoshea mafuta ya karafuu, akaikoroga kwa kichuma kipana mpaka ikawa nzito, kisha akaishindilia ndani ya tundu la jino. Simiti ya muda, ndivyo walivyoiita. Siku ya daktari ilikwanguliwa ikatolewa, jino likatiwa dawa ya kudumu yenye kung'aa kama fedha.

Daktari alikuwa amemwagiza matone matatu. Gershom alitia matano, mara nyingine sita. Simiti yenye mafuta mengi ilikuwa laini na ilituliza upesi, na yeye alipenda kuona uso wa mtu ukikunjuka pale pale kitini. Alipenda zaidi kusikia, "Ahsante, daktari." Alikuwa akiwaambia mimi si daktari, lakini aliwaambia taratibu sana, na kwa kawaida walikuwa wameshafika mlangoni.

Hivyo ndivyo alivyoishi miaka kumi na miwili, na huenda angeishi hivyo mpaka uzee, kama asingemleta Mramba.

Mramba alikuwa mdogo wake Selpher. Alikwenda vitani Burma, akahudumu katika hema la majeruhi, akarudi mwaka wa arobaini na sita na Kiingereza kizuri, buti nzuri, na hadithi zisizokwisha. Hakuwa na kazi. Selpher akamwomba mumewe, mumewe akamwomba daktari, na Mramba akaajiriwa kuchemsha vyombo. Gershom mwenyewe alimpeleka Changamwe siku ya kwanza, akamwonyesha pa kutundika koti. Kumbukumbu hiyo ilikuja kumtesa baadaye kuliko zote. Kila kijiba cha roho kilipompanda, aliuona tena msumari ule wa koti na mkono wake mwenyewe ukiuonyesha.

Januari ya mwaka wa arobaini na tisa kilifika kifurushi kutoka ng'ambo. Ndani mlikuwa na poda yenye rangi ya jino hasa, na kichupa cha maji makali yaliyonuka kama mlango uliopakwa rangi jana. Ukivichanganya viligeuka ute, na baada ya dakika chache ute ule ukawa mgumu. Ilikuwa dawa mpya ya kuziba meno ya mbele, isiyong'aa kama fedha wala kumsaliti mtu anapocheka. Karatasi ya maelezo ilikuwa ya Kijerumani, na Changamwe nzima hapakuwa na mtu wa kuisoma. Daktari alikuwa ameona dawa hiyo ikitumiwa Nairobi, akasema inatosha.

Gershom alinawa mikono, akasogea karibu na meza.

"Mramba, njoo," daktari akasema. "Hii itakuwa kazi yako. Mimi nitatoboa, wewe utaziba."

Kisha akamwona Gershom amesimama na mikono mibichi.

"Wewe, Gershom, endelea na karafuu yako."

Daktari hakuwa na nia mbaya. Lakini maneno hayo yalimkaa Gershom kifuani yasiteremke. Karafuu yake. Miaka kumi na mitano, na sasa mikono yake ilikuwa ya kufungulia mlango ili shemeji yake apite.

Mwezi uliofuata mambo yakazidi. Daktari alitangaza kwamba kabla ya mwaka kwisha atafungua kliniki ya pili Kisauni, barabara ya Malindi. Yeye atakuwa akifika Jumamosi, na siku nyingine zote mmoja kati yao wawili ndiye atakayekuwa msimamizi. Gershom aliitaka nafasi ile kama hajawahi kutaka kitu. Changamwe alikwenda kwa baiskeli kila asubuhi: daraja la Nyali, kisiwa kizima, Makupa, kisha mlima, na akafika shati limelowa. Kisauni angekwenda kwa miguu na ladha ya chai ingali mdomoni. Na huko wangemwita daktari watu wale wale waliomjua akitengeneza viti vinavyolia. Usiku hakuwaza hayo, maana alikuwa mchovu. Aliyawaza mchana, juu ya baiskeli, na kila alipoyawaza aliona pia upande wa pili: Mramba amekaa katika kiti kile, na yeye anapita njiani na kumwamkia.

Nyumbani hakukuwa na nafuu. Mwezi huo huo mkwewe, Bi Kafedha, alikuja kutoka Rabai na jino la mbele limemvimbisha mdomo. Ilikuwa Jumatano. Gershom alikuwa na poda na mafuta ndani ya mfuko wake, lakini mkwe wa kiume hatii kidole kinywani mwa mama mkwe, si Rabai wala Frere Town. Bi Kafedha aliketi chumbani na kitambaa kimefungwa tayani, akaitikia salamu za mkwewe kutoka nyuma ya mlango. Karafuu hakuitaka, alisema inamwasha. Alibana kipande cha tumbaku juu ya jino siku mbili. Ijumaa alipelekwa Changamwe, daktari akatoboa, na mwanawe mwenyewe akamziba kwa dawa mpya.

"Umeona kazi ya Mramba?" Selpher alimwuliza mumewe jioni ile, akipakua wali. "Huwezi kujua ni jino lipi."

"Nimeona."

"Mama anasema hata hakusikia maumivu."

"Ametiwa ganzi. Angesikia nini?"

Selpher alimtazama, akamwongezea mchuzi. Alikuwa mwanamke mwenye macho, na mumewe alikuwa hajui kuficha. Wivu wake ulionekana katika namna alivyotafuna.

Basi wazia furaha yake dawa alizoziba Mramba zilipoanza kutoka.

Wa kwanza kurudi alikuwa Bi Mwanarehema wa Kisauni, mjane wa mfanyabiashara, mwenye tambuu shavuni na neno la kila mtu ulimini. Alifika Jumatatu, siku isiyo ya daktari, akafungua leso. Ndani mlikuwa na kipande kidogo cheupe, ukingo wake umeingia rangi ya kahawia.

"Shikamoo, Bi Mwanarehema."

"Marahaba, mwanangu. Jino la shemejiyo nimelirudisha. Wallahi limenitoka na nyama ya mbuzi, sikujua lipi jino na lipi mfupa."

"Pole sana, bibi."

"Usinipe pole, nitilie yako. Ile ya kwanza ulinitilia Ramadhani, nikakaa nayo mpaka Mfungo Sita, miezi sita mizima, haikutikisika. Hii waniambia ya kudumu, hata miezi miwili haikutimia. Yule kijana wafundishwa na nani?"

"Na daktari mwenyewe."

"Basi na afundishwe tena."

Gershom aliinama juu ya kioo chake ili bibi asimwone anavyocheka. Alikoroga simiti ile kwa moyo mweupe, matone sita, akaishindilia. Bi Mwanarehema akashusha pumzi, akamwombea dua ndefu, na kila neno la dua ile Gershom alilipokea kama la haki yake.

Baada yake walikuja wengine. Karani wa reli, mke wa mwalimu, fundi cherehani wa Likoni. Kwa wengine dawa ilikuwa imetoka. Kwa wengine ilikuwapo lakini imezungukwa na mstari wa kahawia, na ukiigusa kwa kichuma ilibonyea chini, na chakula kilikuwa kimepenya pembeni na jino linaoza upya kwa ndani. Daktari alisema ni joto la Mombasa. Kisha akasema ni mate. Mwisho akaanza kuitazama mikono ya Mramba, akamwambia anatoka jasho.

Mramba alikonda. Alinawa mikono mpaka ngozi ikachubuka. Aliviweka vichupa ndani ya mtungi wa maji ili vipoe, akajipepea kwa kipepeo cha ukili kabla ya kushika poda. Hadithi za Burma zilikwisha. Gershom aliyaona yote hayo, na usiseme hakuwa na huruma. Alikuwa nayo, lakini ilikaa chini kabisa, na juu yake palikaa kitu kitamu. Alirudi nyumbani akipiga mluzi darajani.

Pasaka ilimharibia. Bi Kafedha alishuka tena kutoka Rabai, akala na familia, akachekeshwa na Nyevu, binti yao mkubwa, akacheka kinywa wazi. Gershom aliliona jino. Lilikuwa jeupe, limekaa, halina mstari. Akatazama tena. Kumkodolea mkwe macho kinywani ni utovu wa adabu usio na jina, na aliutenda mara tatu mezani mpaka Selpher akamkanyaga mguu.

Ilimuuma kwamba jino lile lilikuwa zima. Lakini mtu aliyeziba nyufa maisha yake yote hawezi kuuona ulioziba asijiulize kwa nini. Mkono ni ule ule, poda ni ile ile, joto ni lile lile. Yule mama hata alichelewa siku mbili. Siku mbili alikaa na tumbaku. Wengine wote, kila mmoja wao, siku za kungoja daktari walikaa na simiti. Mkwewe peke yake hakupita mikononi mwake.

Gershom aliweka kijiko chini, akasema ameshiba.

Ndani ya kopo la kakao alikuwa na meno yaliyong'olewa, aliyokuwa akijifunzia zamani. Alichagua sita yenye matundu. Jumamosi iliyofuata alitia simiti yake katika matatu, akayaacha matatu. Jumapili baada ya ibada aliketi nyuma ya nyumba, akaikwangua ile simiti kama walivyozoea kliniki, mpaka macho yasione kitu. Kisha akatoa poda na maji makali aliyoyachukua kidogo kidogo bila ruhusa, tayari kwa siku atakayoitwa yeye, akayaziba yote sita. Alitia mkono uleule, uvumilivu uleule. Saa moja baadaye aliyagusa kwa sindano. Katika meno yaliyokuwa safi sindano iliteleza. Katika yale yaliyokuwa na karafuu sindano ilizama.

Aliazima wino mwekundu wa mwalimu Garama, mchumba wa Nyevu, akayatumbukiza yote sita. Kesho yake jioni aliyapasua kwa patasi. Matatu yalikuwa meupe ndani. Matatu wino ulikuwa umepita ukingoni, umezunguka dawa yote, umefika chini kabisa. Simiti ilikuwa imekwisha kutoka, lakini mafuta yake yalikuwa yamebaki ndani ya kuta za jino, na hayo mafuta hayakuiacha dawa mpya ikauke wala ishike. Akachukua jino jingine koponi, akalitia simiti, kesho yake akalikwangua, akalisugua kwa pamba yenye spiriti mara nne, mara tano, mpaka alipolinusa halikunuka. Akaliziba. Likawa gumu kama la mkwewe.

Alikaa na lile jino kiganjani. Ugonjwa alikuwa ameujua, na dawa yake pia. Daktari Noronha hakuujua, na Wajerumani walioandika ile karatasi walikuwa mbali. Mtu mwingine angeendesha baiskeli kesho yake mbio mpaka Changamwe. Gershom aliwaza kile kiti cha Kisauni. Kama angesema, shemeji yake angepona, na daktari angejua pia ni nani aliyetia matone sita mahali pa matatu. Kama angenyamaza, basi. Hakuhitaji kufanya lolote, ila kuendelea na karafuu yake, kama alivyoagizwa.

Alirudisha meno ndani ya kopo, akaliweka juu ya kabati.

Siku chache baadaye Mramba alimfuata alipokuwa akifunga madirisha ya kliniki.

"Shemeji, wewe una miaka mingi kwenye kazi hii. Nitazame nikiwa naziba, uniambie nakosea wapi. Sitaona haya."

Gershom alilivuta dirisha, akalifunga komeo.

"Labda ni joto," akasema.

Kesho yake, mgonjwa wa kwanza alipoketi, aliinamisha kichupa juu ya kioo, akahesabu matone sita, na mkono wake haukusimama. Akatia la saba. Hakuwa na sababu yoyote ya kulitia ila ile moja, na hiyo aliijua vizuri.

Mwezi wa Juni, Nyevu alianza kushika shavu. Alikuwa aolewe Septemba. Tundu lilikuwa katika jino la mbele, upande wa kulia, na mwenyewe alikuwa amekwisha kulishindilia punje ya karafuu, kama afanyavyo kila mtu.

"Nataka mjomba anizibe kwa ile ya rangi ya jino," alisema. "Siwezi kusimama mbele ya kanisa na fedha mdomoni."

"Tutakutia fedha, ni imara."

"Baba, na picha?"

Gershom alimpeleka Changamwe siku ya Jumatano. Alimketisha, akaitoa ile punje, akamwaga poda juu ya kioo, akachukua kichupa cha mafuta. Mkono ulijua njia wenyewe. Nyevu alikuwa amefumba macho na kufungua kinywa, ameweka mikono mapajani kama alipokuwa mdogo akikatwa kucha. Gershom akakirudisha kichupa. Aliifuta poda, akachukua pamba na spiriti, akalisugua lile tundu mara tano, akainama akalinusa, akalisugua tena. Kisha akatoa kijiti cha ulimbo mgumu kilichokaa sandukuni miaka, akakipasha kwenye taa ya spiriti, akauziba nao mlango wa jino. Ulimbo hautulizi chochote, lakini hauna mafuta.

"Baba, leo inauma," Nyevu akasema. "Wengine wanasema kwako haiumi."

"Vumilia mpaka Ijumaa."

Ijumaa Mramba aliutoa ulimbo, akaziba. Alikuwa amenawa mara mbili, maana lilikuwa jino la mpwa wake. Gershom alimshikia kibakuli cha pamba.

Mwishoni mwa Agosti daktari alichoka kuvumilia. Aliwaita wote waliozibwa kwa dawa mpya wafike Jumamosi moja awakague: dawa ikimridhisha ataendelea nayo, isipomridhisha atarudi kwenye fedha, na siku hiyo hiyo atasema nani anakwenda Kisauni. Watu kumi na wanne walikaa kwenye mabenchi; Bi Kafedha tu hakuweza kushuka kutoka Rabai. Mmoja mmoja aliingia, akafungua kinywa mbele ya kioo cha daktari. Mstari wa kahawia. Imebonyea. Imetoka. Imepenya. Daktari aliongea kwa sauti ndogo, na kila alipoongea Mramba alikuwa kama anapigwa. Gershom alisimama nyuma yao akihesabu. Wa tisa. Wa kumi. Alikuwa ameshafika Kisauni kwa mawazo, ameshafungua mlango.

Wa mwisho alikuwa Nyevu. Daktari alitazama, akagusa kwa kichuma, akagusa tena, akavua miwani akaifuta.

"Hili ni zima. Zima kabisa. Mramba, hapa ulifanya nini?"

"Kama wengine, daktari."

"Haiwezekani. Fikiri."

Mramba aliinama juu ya mpwa wake. Kisha akainua kichwa.

"Siku ile halikunuka," akasema. "Meno yote ninayoyaziba yananuka karafuu. Nimezoea, sisikii tena. Hili, nilipoutoa ulimbo, lilinuka spiriti tu. Na la mama yangu halikunuka, na lile nalo ni zima mpaka leo. Lakini mama hakupita kwa shemeji, ni mkwe wake. Nyevu..."

Hakumaliza. Nyevu alipita kwa baba yake, na baba yake alikuwa amemtia ulimbo, yeye ambaye hakuwahi kumtia mtu ulimbo. Gershom aliona neno hilo likimfika Mramba usoni. Aliliona likifika, likaketi. Mramba alimtazama, si kwa hasira, alimtazama kama mtu anayesoma barua mara ya pili. Na Gershom akangoja. Alijua kinachokuja, akajua ni haki, na hata hapo, Mungu amsamehe, alichokiwaza ni kwamba kiti kimekwenda kwa Mramba.

"Nyevu?" daktari akauliza.

"Ni shemeji," Mramba akasema. "Ndiye aliyegundua kuwa ni mafuta ya karafuu. Hakutaka kukwambia mpaka awe na hakika, ndiyo maana alijaribu kwanza kwa mtoto wake. Alilisafisha kwa spiriti, akatia ulimbo mahali pa simiti."

Daktari aligeuka. "Gershom? Ni kweli?"

Lilikuwa swali rahisi, na jibu lake lilikuwa na kila kitu alichowahi kukitaka. Mramba alikuwa ameinama anapanga vyombo, amempa mgongo.

"Ni kweli," Gershom akasema.

Daktari alimshika mkono kwa mikono yake miwili. Alisema miaka kumi na mitano si bure. Alisema maneno mengine pia. Nyevu alimkumbatia baba yake mbele ya watu, na lile jino likaonekana na wote waliokuwa mlangoni.

Walipokuwa wakifunga, Gershom alibaki na Mramba peke yao. Alitaka kusema. Alianza, "Mramba, lile jino..."

"Harusi ni Jumamosi ijayo, shemeji," Mramba akasema, akilitundika koti lake kwenye msumari ule ule. "Tumwoze Nyevu."

Gershom alikaa Kisauni miaka ishirini na mbili. Walimwita daktari, na hakuwakataza tena, ila jina lile halikumkolea kama alivyodhania. Watoto wa mtaa walimcheka kwa tabia moja: hakuziba jino kabla hajaliinamia akalinusa, mara mbili, mara tatu, hata la mzee aliyetoka kula vitunguu. Mramba alibaki Changamwe, akanenepa tena, hadithi za Burma zikamrudia. Kila Krismasi alikuja Frere Town, akala, akacheka, akalala usingizi mzito kwenye kiti cha shemeji yake. Gershom alimtazama alivyolala na wivu ukamjia upya, ule ule wa zamani, sasa si wa mikono yake wala wa dawa mpya. Alimwonea wivu kwa lile neno moja alilolisema mbele ya daktari, kwa kuwa alijua yeye mwenyewe asingelisema. Mwaka baada ya mwaka alingoja Mramba amwulize alijua tangu lini. Mramba hakumwuliza.